Chama cha ushirika wa mazao (AMCOS) chenye wakulima 900, kompyuta tatu na bajeti ndogo: tuanzie wapi kujikinga na wezi wa mtandao?

Karani_Nanyamba

Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri wa wanaoijua hii shughuli kabla minada ya korosho haijafunguliwa Oktoba.

Chama kina wanachama kama 900. Vifaa ni kompyuta mbili za mezani na laptopu ya mhasibu, zote Windows 10, printa moja, rauta ya laini ya simu, na simu ya ofisi yenye laini ya pesa pamoja na WhatsApp ya kundi la wakulima. Barua pepe ni Gmail moja, watu watatu wanaingia kwa nywila moja. Orodha ya malipo (jina, kilo, namba ya akaunti) tunaiandaa kwenye Excel, halafu inabebwa kwa flashi au inatumwa kwa barua pepe.

Bodi imekubali kutoa hela ya antivairasi. Je, inatosha? Kama haitoshi, tuna wiki sita tu, kipi kitangulie? Umeme wetu mnaujua, na intaneti ni ya bando.

Mzani_Newala

Mkuu, hela ya antivairasi iache kwanza. Windows inakuja na Defender bure, na kwa ofisi ya ukubwa huo inatosha, ilimradi mtu asiwe ameizima. Hiyo hela nunulieni diski mbili za nje za kuhifadhia nakala (hard disk) na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika).

Ila kabla ya kununua chochote, tazameni ile orodha ya malipo. Mwizi hana haja ya kuvunja mfumo wa benki wakati kuna faili la Excel linalozunguka kwa flashi. Anabadilisha namba za akaunti tano kati ya 900. Majina yanabaki yale yale, kilo zile zile, jumla ya shilingi haitikisiki. Mnaokagua jumla mnaiona iko sawa, mnasaini. Huyo ni kangomba (mlanguzi wa korosho) kama kangomba wengine, tofauti yake hata gunia hana.

Dawa yake ni jumla ya ukaguzi inayozigusa namba za akaunti zenyewe. Tuseme kilo ziko safu B na akaunti ziko safu C, mstari wa 2 hadi wa 901. Kwenye kisanduku kitupu andika:

=SUMPRODUCT(B2:B901,--RIGHT(C2:C901,6))

Inachukua tarakimu sita za mwisho za kila akaunti, inazizidisha kwa kilo za mkulima huyo, kisha inajumlisha zote. Tarakimu hizo za akaunti moja zikiguswa, au wakulima wawili wenye kilo tofauti wakibadilishana akaunti, jibu linabadilika. Kwa nini sita na si namba nzima? Excel inatunza tarakimu 15 tu kwa usahihi, ukijumlisha akaunti 900 zenye tarakimu 13 kila moja unaweza kuvuka hapo na tarakimu za mwisho zinageuka sifuri. Na kwa nini kuzidisha kwa kilo? Ukijumlisha akaunti peke yake, kubadilishana mistari miwili hakuonekani kabisa.

Safu C iwekwe kuwa maandishi KABLA ya kuingiza namba. Isipokuwa hivyo, akaunti inayoanza na sifuri inapoteza sifuri yake, na huko si kuibiwa, ni kujiharibia wenyewe.

Utaratibu ni huu. Mwandaaji anapiga hesabu hiyo siku orodha inapofungwa, mbele ya mjumbe mmoja wa bodi, na jibu linaandikwa kwa kalamu kwenye daftari la ghala. Mwidhinishaji hatumii faili la mwandaaji. Anafungua lile lililokwisha kupakiwa au kutumwa benki, analipigia hesabu upya, analinganisha na daftari. Yakitofautiana, hakuna malipo hadi mstari wenye kasoro upatikane. Mwandaaji na mwidhinishaji wasiwe mtu mmoja, wala wasitumie kompyuta moja. Kama benki imewapa vifaa viwili vya kuidhinishia na vyote vinalala kwenye droo ya mhasibu, hapo idhini ya watu wawili hamna, mna mtu mmoja mwenye vidole vingi.

Jambo la pili ni barua za "akaunti yetu imebadilika" kutoka kwa msafirishaji au muuza magunia. Anwani ya barua pepe inaweza kuwa karibu ileile, m ikaandikwa kwa r na n zilizobanana, jicho halioni. Au ikawa anwani yake halisi kabisa, sanduku lake limeshatekwa. Kanuni: piga simu kwa namba iliyo kwenye mkataba wa zamani, si iliyo kwenye barua hiyo, zungumza na mtu unayeijua sauti yake, na usilipe siku hiyohiyo. Haraka ndiyo silaha yao kubwa, "mzigo uko barabarani, lipa sasa hivi".

Fundi_Chikongola

Naunga mkono hapo juu. Mimi niongelee mashine.

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft waliweka nyongeza ya mwaka mmoja kwa watumiaji binafsi, hadi 13 Oktoba 2026, ila lazima ujiandikishe kwenye mipangilio ya masasisho, haiji yenyewe. Kompyuta nyingi zenye prosesa za Intel za kizazi cha saba kurudi nyuma hazikubaliki Windows 11, kwa hiyo angalia hilo mapema kabla hujaambiwa ununue mpya. Kama ni moja tu inayokubali, hiyo ndiyo iwe ya malipo. Umuhimu wa masasisho: kirusi cha kufunga mafaili kiitwacho WannaCry kilipolipuka tarehe 12 Mei 2017, kiraka cha tundu lililotumika kilikuwa kimetolewa tangu Machi mwaka huohuo. Walioangamia wengi walikuwa na miezi miwili ya kujikinga.

Windows au Office ya kukraki (iliyovunjwa kufuli la leseni): ondoa. Tatizo kubwa si leseni. Ile programu ya kukraki inakuambia uzime Defender kwanza, na ukishazima umeifungulia mlango kwa mkono wako. Nyingi zinabeba mdokozi anayekomba nywila zote zilizohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na zile alama zinazoifanya Gmail isikuulize nywila kila mara. Akizipata hizo anaingia kwenye akaunti bila nywila na bila namba za uthibitisho. Kama hela ya Office haipo, LibreOffice ni ya bure na inafungua mafaili ya Excel, hata hiyo fomula ya Mzani inakubali.

Sasa flashi. Mikoa hii yetu ugonjwa mkubwa unatoka steshenari. Unapeleka flashi kuprinti, ikirudi unaona ikoni moja tu yenye mshale mdogo na jina la flashi yako. Ukiibofya mara mbili mafaili yanafunguka kama kawaida, ndiyo maana watu hawashtuki. Kilichotokea ni kwamba mafaili yako yamefichwa, na ile ikoni inaendesha hati (programu fupi) ya kirusi kwanza kabla ya kukuonyesha folda. Kuanzia hapo kila flashi itakayochomekwa kwenye kompyuta yako inaambukizwa.

Ukiikuta, usiibofye. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), na kama flashi ni herufi F andika:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Mafaili yatatokea. Nakili nyaraka zako tu, achana na chochote kinachoishia na .vbs, .js, .lnk au .exe, kisha fomati flashi. Kompyuta yenyewe ipige uchunguzi wa Defender wa nje ya mtandao, ule unaoizima na kuiwasha upya. Unachukua kama dakika 15, hivyo uhakikishe umeme upo. Kusafisha flashi bila kusafisha kompyuta ni kufua nguo ukaivaa na mwili mchafu.

Kinga: flashi moja iwe ya mtaani, ichorwe alama nyekundu, isiwahi kubeba orodha ya malipo, na ifomatiwe kila inaporudi. Bora zaidi, tumeni PDF kwa barua pepe ya steshenari. Fundi wenu pia anaweza kuzima Windows Script Host (sehemu ya Windows inayoendesha hati) kwenye rejista ya mipangilio ya Windows. Ofisi isiyotumia hati za aina hiyo haitaona tofauti, na virusi vya .vbs vinakosa pa kukanyaga. Washeni pia uonyeshaji wa viambishi vya majina ya mafaili, maana kwa kawaida Windows inavificha, na "Bei ya mnada.pdf.exe" inaonekana kama "Bei ya mnada.pdf".

Akaunti ya kila siku ya Windows iwe ya mtumiaji wa kawaida, si ya msimamizi. Nywila ya msimamizi ikae kwenye bahasha iliyofungwa kwa mwenyekiti. Hatua hii haina gharama hata shilingi na ndiyo inayokataliwa sana, kwa sababu watu wanataka kusakinisha michezo.

Zile diski mbili za nje: Ijumaa hii nakili kwenye A, Ijumaa ijayo kwenye B. Msimu ukianza iwe kila siku orodha inapofungwa. Ikishanakili CHOMOA. Virusi vya kufunga mafaili na kudai kikombozi hufunga kila diski wanayoikuta imechomekwa, na hufuta nakala za ndani za Windows kabla ya kuanza kazi. Diski isiyokuwa ya zamu isikae ofisini. Moto au mwizi wa dirishani hachagui. Washa BitLocker (kufuli la Windows la diski) au weka nywila kwenye diski hizo, maana zina akaunti za watu 900. BitLocker To Go inahitaji Windows ya Pro kuiweka, toleo la Home linaweza kuifungua tu.

Mara moja kwa mwezi rudisha faili moja kutoka kwenye nakala, ulifungue, uone kama lina data. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni matumaini tu. UPS inakuja hapa: umeme ukikatika diski ikiwa katikati ya kuandika, unaweza kuharibu nakala na diski pamoja.

Mawinguni pia ni sawa, Google wanatoa GB 15 bure na matoleo ya zamani ya faili la Excel yanatunzwa siku 30. Lakini yasiwe tegemeo pekee. Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, nchi nzima ilikaa inasota. Mngekuwa na malipo siku ile na faili liko mawinguni peke yake, wakulima wangelala nje ya ofisi.

Karani_Nanyamba

Asanteni sana, nimechapisha yote. Mawili yamebaki. Hiyo Gmail ya watu watatu tuifanyeje, na simu ya ofisi? Ile simu ndiyo inapigiwa kila siku na "watu wa makao makuu".

Mama_Mingoyo

Mwanangu, simu hiyo ina hatari kuliko kompyuta zote tatu, tuianze.

Laini isajiliwe kwa jina la chama, isiwe kwa NIDA ya katibu. Katibu akiondoka anaondoka na laini, na kila akaunti iliyofungwa kwa namba hiyo inaondoka naye. Kila kiongozi pia apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA, asiyoitambua akaifute kwa mtoa huduma.

Weka PIN ya laini yenyewe, si ya simu tu. Simu ikiibiwa mwizi anachomoa laini, anaichomeka kwenye simu nyingine na kuomba namba za uthibitisho; PIN ya laini inamzuia. Andika PUK (namba ya kufungulia laini iliyojifunga) pembeni kwanza, kwa sababu ukikosea PIN mara tatu utaiomba, na ukikosea PUK mara kumi laini imekufa. Ikitokea laini imepoteza mtandao ghafla wakati jirani mwenye mtandao uleule anapiga simu vizuri, usisubiri: piga kwa laini nyingine, uliza kama kuna mtu ameomba kubadilishiwa laini, na ufunge akaunti ya pesa hapohapo.

WhatsApp: ingia mipangilio, washa uthibitishaji wa hatua mbili, weka PIN ya tarakimu sita na barua pepe ya kurejeshea. Kisha tazama vifaa vilivyounganishwa, toa usichokijua. Ukiwa umetekwa na mwizi akaweka PIN yake, unarudisha akaunti kwa kujisajili upya kwa namba yako, ila huenda ukasubiri siku saba. Siku saba katikati ya msimu, huku yeye anawaandikia wakulima 900 "tuma kwenye namba hii, ile nyingine ina matatizo"! Kwa hiyo wakulima waambiwe leo, kwenye mkutano na kwenye karatasi ukutani mwa ghala, kwamba chama hakiombi hela kwa WhatsApp wala hakibadilishi akaunti ya mkulima kwa simu. Anayetaka kubadilisha aje na kitambulisho, asaini.

Hao wa makao makuu watakuomba vitu vya aina mbili. Namba ulizotumiwa kwa ujumbe: hakuna mtu wa benki, wa mtandao wa simu wala wa chama kikuu anayezihitaji. Au watakuambia ubofye namba fulani "kuboresha laini". Ukibofya **21* ikifuatiwa na namba yao na alama ya reli, simu zako zote zinakwenda kwao, zikiwemo zile za sauti zinazosoma namba za uthibitisho. Kagua kwa *#21# na futa uelekezaji wote kwa ##002#. Ujumbe wa kitapeli usiufute, upeleke 15040 kisha fuata maelekezo yatakayorudi.

Na faili lolote linaloishia na .apk lililokuja WhatsApp, hata kama limeandikwa "Matokeo ya mnada", lisisakinishwe. Mengi yanaomba ruhusa ya ufikivu, na ukiikubali yanasoma skrini na kubofya kwa niaba yako.

Fundi_Chikongola

Gmail: kila mtu afungue yake. Ya chama ibaki na mtu mmoja, wengine waingie kwa ukaimishaji wa kisanduku, Gmail inao, hawahitaji nywila. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwa programu ya kutoa namba badala ya SMS. Namba hubadilika kila sekunde 30, hivyo saa ya simu iwe sahihi, la sivyo zinakataliwa. Chapisha namba za akiba, zikae kwenye ile bahasha. Kisha kagua usambazaji na vichujio: mwizi aliyewahi kuingia huacha kichujio kinachompelekea kila barua yenye neno "malipo" na kuificha kwako. Kubadilisha nywila peke yake hakukiondoi.

Rauta: badilisha nywila ya usimamizi, zima WPS (njia ya kuunganisha kwa kitufe au PIN bila nywila ya Wi-Fi), wageni wapewe mtandao wao.

Liwale_Juu

Mmesahau la msingi. Nywila ibadilishwe kila mwezi, iwe na herufi kubwa, alama na namba. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa.

Mzani_Newala

Mkuu wangu, hilo limeshaachwa. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, tangu 2017 inashauri nywila isibadilishwe kwa kalenda, ibadilishwe kukiwa na dalili ya kuvuja. Ukimlazimisha mtu kila mwezi anaandika Korosho@1, mwezi ujao Korosho@2, na mwizi anajua kuhesabu. Urefu ndio nguvu: maneno manne matano yasiyohusiana, tofauti kwa kila akaunti.

Mwambao_Lindi

Niongeze la kisheria kwa ufupi. Orodha ya majina na akaunti ni taarifa binafsi, inaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Chama kinachokusanya taarifa kinatakiwa kujisajili Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kubandika orodha nzima yenye akaunti ukutani mwa ghala, kama ilivyo mazoea, iacheni; jina na kilo zinatosha.

Mkishambuliwa, chomoeni kebo, zimeni Wi-Fi na muondoe diski za nje kabla ya jambo lingine. Mkiona mafaili bado yanabadilika majina, zimeni kompyuta kwa kubonyeza kitufe muda mrefu. Pigeni picha tangazo la kikombozi kwa simu. Kabla ya kufikiria kulipa, tazameni No More Ransom, mradi ulioanzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na makampuni ya usalama. Una funguo za bure za baadhi ya virusi hivyo. Polisi wapewe simu au barua pepe yenyewe, picha ya skrini pekee haina taarifa za mtumaji.

Karani_Nanyamba

Nimejaribu fomula kwenye orodha ya msimu uliopita, inaleta #VALUE!

Mzani_Newala

Kuna kisanduku cha akaunti kilicho tupu, au mtu ameandika herufi O badala ya sifuri. Kwenye safu D, mstari wa 2, weka =ISNUMBER(--RIGHT(C2,6)) kisha vuta hadi chini; panapotokea FALSE ndipo penye kosa. Safu E weka =LEN(C2). Hii ya pili usiiruke, kwa sababu nafasi tupu mwishoni mwa namba haileti kosa lolote, inakula tarakimu moja kimyakimya. Akaunti za benki moja zikiwa na urefu tofauti, fungua daftari la usajili na uhakiki mkulima mmoja mmoja.